Mwalimu wa Kwaya Anajibu: Wimbo wa Krismasi Uliousikia kwa Masikio Yako

Mwezi uliopita niliwaomba mniandikie kuhusu nyimbo za Krismasi zilizoimbwa mbele yenu, watu wakiwa hai na jasho likiwatoka, si zile za kanda. Mmeniandikia kweli kweli. Nimechagua barua sita. Wale mlioomba nota za sol-fa nitawajibu Januari, msinune.

Shikamoo Mwalimu. Naimba alto hapa Iringa. Kila mwaka unatuuliza sisi. Safari hii jibu wewe: ni uimbaji gani wa Krismasi ulioupenda kuliko yote maishani mwako? — Alto, Iringa

Marahaba, mwanangu. Sina haja ya kufikiri. Ni alfajiri ya Krismasi ya 1969, Machame, nikiwa na miaka kumi na mmoja, na walioanza hawakuwa waimbaji. Walikuwa wapiga tarumbeta.

Kwa wasomaji wa mbali nieleze kidogo. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame 1893, na desturi za makanisa ya kwao Ujerumani zikaja nao, ikiwemo ile ya kupuliza nyimbo za kanisa kwa tarumbeta, sauti nne kama kwaya. Mpaka leo ukienda kwenye sharika za Kilutheri za Kilimanjaro utawakuta. Baba yangu alipuliza besi, ile tarumbeta kubwa inayokumbatiwa kama mtoto. Ilikuwa na bonde ubavuni, mahali ilipoanguka kabla sijazaliwa.

Tulitoka nyumbani saa kumi usiku. Baba aliifunga besi mgongoni kwa blanketi, mimi nikatangulia na kandili katikati ya migomba. Umande ulikuwa mwingi hata gauni langu jipya likalowa hadi magotini, na mama hakunigombeza. Tulipofika kanisani wanaume saba walisimama nje, upande wa bonde, bado giza. Walikuwa wakipuliza nje kabla ya kengele ili sauti iteremke kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba ya nyumbani, iwaamshe watu. Baba aliinamisha besi, akaminya kile kitufe cha chini, maji yakadondoka kwenye nyasi. Miaka yote nilidhani ni mate. Ni pumzi yake mwenyewe iliyogeuka maji ndani ya shaba yenye baridi.

Kiongozi akainua mkono. Nikawasikia wanaume saba wakivuta pumzi kwa mara moja, gizani. Kisha ukaja wimbo wa Martin Luther, ule wa malaika anayeshuka kutoka juu mbinguni na habari njema. Mwanzo haukuwa mzuri, nawaambia ukweli. Shaba ya baridi hushusha sauti, na saba zile hazikuwa zimeshuka sawasawa. Teno mmoja alikuwa peke yake kabisa. Ubeti wa pili zikaanza kupata joto, zikapanda, zikakutana.

Hapo ndipo nikasikia watu wakiimba kutoka chini, kwenye migomba, kwa Kimashami. Sikumwona mtu. Na walikuwa nyuma yetu kwa mapigo. Sauti ya tarumbeta iliwachukua muda kuwafikia, na ya kwao ikachukua muda kurudi, kwa hiyo tukimaliza mstari wao walikuwa bado kwenye neno la mwisho. Kiongozi hakuwasubiri. Aliendelea na mwendo wake uleule. Kandili zikaanza kuonekana moja moja zikipanda njiani, na kadiri zilivyosogea, lile pengo likawa linapungua, nusu pigo, robo, hadi walipofika getini, ubeti wa nne, wakawa kwenye silabi moja na tarumbeta. Hakuna aliyewaongoza. Miguu yao tu ndiyo iliyowafikisha kwenye mapigo.

Nimefundisha kwaya miaka thelathini na sita. Bado huwa naamka usiku nikiusikia ubeti ule wa nne.

Salaam kutoka Kitale, Mwalimu. Kwenye intaneti nimetazama ibada ya mkesha ya King's College, Cambridge, inayoanza na mtoto mmoja akiimba peke yake bila kinanda. Rafiki yangu anasema haambiwi kuwa ni yeye mpaka dakika ya mwisho. Ni kweli? Na si ukatili? — Mwanakwaya, Kitale

Ni kweli, na hivyo ndivyo alivyofanya Stephen Cleobury, aliyeiongoza kwaya ile tangu 1982 hadi 2019. Kwaya ina wavulana 16. Aliwaandaa kadhaa, wote wakaijua solo barabara, kisha matangazo yakiwa karibu kuanza anamwashiria mmoja asogee mbele. Mtoto anaimba ubeti mzima wa kwanza wa wimbo unaoeleza zizi la ng'ombe katika mji wa kifalme wa Daudi. Hakuna kinanda, hakuna mwenzake. Ubeti wa pili kwaya inamwingilia taratibu. Baada ya hapo ndipo kinanda na watu wote.

Kuhusu ukatili, mimi naona ni kinyume. Mtoto aliyeambiwa wiki mbili kabla hubeba hofu wiki mbili, halali, na mama yake halali. Aliyeashiriwa sasa hivi hana muda wa kuogopa. Anavuta pumzi, anaimba.

Ibada yenyewe ilifanyika mara ya kwanza King's tarehe 24 Desemba 1918, wiki sita tu baada ya bunduki za Vita Kuu ya Kwanza kunyamaza. Aliyeiandaa, Eric Milner-White, alikuwa ametoka vitani akiwa kasisi wa jeshi. Mpangilio wa masomo tisa na nyimbo aliuchukua kutoka Truro, mji mwingine wa Uingereza, ambako Askofu Benson aliuanzisha 1880, wakati waumini wa huko wakisali kwenye banda la mbao kwa sababu kanisa kuu lilikuwa bado linajengwa. Wimbo ule wa kufungulia uliwekwa 1919, haujaondoka tena. BBC ikaanza kuitangaza 1928. Wakati wa Vita ya Pili vioo vya rangi vya madirisha vilikuwa vimeondolewa ili visivunjwe na mabomu, na redioni hawakutaja hata jina la mahali, ila waliimba.

Ibada huanza saa tisa alasiri kwao, yaani saa kumi na mbili jioni kwetu. Mara ya kwanza niliisikia 1976, nikiwa mwalimu mgeni shuleni, kwenye redio ya jirani, mawimbi mafupi. Sauti ya yule mtoto ilikuja ikaondoka, ikaja ikaondoka, kama mtu anayefungua na kufunga mlango. Jirani yangu alikuwa akimenya ndizi za mtori wa kesho yake. Aliacha kisu hewani mpaka ubeti ukaisha.

Lakini nikuonye, kwa sababu najua unataka kujaribu kwenye kwaya yako. Mimi nilijaribu 1991. Niliandaa wasichana watatu, usiku wa mkesha nikamwashiria mmoja, akaimba vizuri mno hata wazee wakafuta macho. Nilipogeuka, mmoja wa wale wawili alikuwa amejikunja nyuma ya kinanda analia bila sauti. Bibi yake alikuwa ametembea kutoka kijiji cha pili kuja kumsikia, kwa sababu mtoto alikuwa amemwambia, "Huenda ni mimi." Lile lilikuwa kosa langu, na liliniuma. Nilikuwa nimeiga kuashiria peke yake, nikasahau kuwa watoto wa kule huimba ibada nyingi kwa mwaka na kila mmoja ana siku yake. Mwaka uliofuata niliwaambia watatu mapema: mkesha, alfajiri na ibada ya pili, kila mtu atapata moja. Ila nani ataimba ipi, hilo nilibaki nalo mimi. Fanya hivyo.

Mwalimu, shikamoo. Katekista wetu anafundisha kuwa Usiku Mtakatifu ulitungwa kwa sababu panya walikula kinanda cha kanisa. Watoto wangu wamecheka mpaka basi. Ni kweli? — Mama wa watoto wanne, Sumbawanga

Marahaba, mama. Waache wacheke, hadithi ni tamu. Lakini mtunzi wa ule muziki, Franz Xaver Gruber, aliandika mwenyewe maelezo yake tarehe 30 Desemba 1854, na hakutaja panya wala kinanda kibovu. Alisema tu kwamba tarehe 24 Desemba 1818, pale Oberndorf karibu na Salzburg, Austria, padre msaidizi Joseph Mohr alimpa shairi, akamwomba atie muziki wa sauti mbili na kwaya, pamoja na gitaa. Panya waliongezwa baadaye na wasimuliaji.

Shairi Mohr alikuwa amelitunga tangu 1816, alipokuwa Mariapfarr. Mwaka ule jua lilikuwa haba Ulaya, mavuno yakafa, watu wakalala njaa. Gruber alikuwa mwalimu wa shule kijiji cha jirani, akipiga kinanda kanisani. Alipewa shairi, na usiku uleule likaimbwa. Mohr alishika gitaa na kuimba teno, Gruber akaimba besi, kwaya ikarudia mistari ya mwisho ya kila ubeti. Wanaume wawili na gitaa mbele ya wanakijiji waliofanya kazi za mtoni. Kati ya matukio yote ya muziki wa Krismasi ambayo sikuyashuhudia, hili ndilo ningetoa chochote niwepo.

Na jambo ambalo katekista angefurahi kuwafundisha watoto ni mwendo wake. Nota iliyoandikwa kwa mkono wa Mohr ipo mpaka leo. Ni ya mapigo sita, nao ni mwepesi kuliko tunavyouburuta sisi. Sisi huuimba kama tunateremsha jeneza. Jaribuni hivi nyumbani: mbebe mtoto wako mdogo, umbembeleze kwa mwendo wako wa kawaida, kulia, kushoto, na kila unapoyumba uhesabu tatu. Kulia moja mbili tatu, kushoto nne tano sita. Anza wimbo juu ya hiyo hesabu bila kubadilisha mwendo wa mwili. Mkiwa na jirani mwenye gitaa mwiteni, kinanda kiacheni kilale.

Mwalimu, kwetu Krismasi kwaya huimba Haleluya ya Handel na watu wote husimama. Mwaka jana mchungaji mgeni alibaki ameketi, mtaa mzima ukasema. Kusimama ni sheria? — Mzee wa kanisa, Nairobi

Si sheria, mzee wangu. Watu husema Mfalme George wa Pili alisimama London aliposikia Haleluya, na mfalme akisimama nani atakaa. Lakini hakuna aliyeandika jambo hilo lilipotokea. Habari ya mwanzo kabisa iko kwenye barua ya 1780, karibu miaka arobaini baadaye. Mchungaji wenu hakukosa kitu, mwombeni radhi.

Ningependa zaidi mjue jinsi kazi hiyo, *Messiah*, ilivyosikika kwa mara ya kwanza, Dublin, tarehe 13 Aprili 1742. Si Krismasi, ni kabla ya Pasaka. Watu walitarajiwa kuwa wengi, basi wanawake wakaombwa waje bila zile pete za kutanua magauni na wanaume bila panga, ili nafasi itoshe. Wakajaa kama 700. Fedha zilizopatikana zilikwenda hospitalini na kwa wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 wakatoka. Hapo ndipo mimi ningesimama.

Tena Haleluya inafunga sehemu ya pili, baada ya mateso na ufufuo. Wimbo wa kuzaliwa uko sehemu ya kwanza, ule wa Isaya, "Maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa." Mwambieni mwalimu wenu wa kwaya aujaribu. Soprano wana mbio ndefu za noti pale, za kuimba kwa pumzi moja bila kusukuma, na nimeona kwaya kubwa zikianguka. Wapewe miezi minne. Wakianza Novemba haitawezekana.

Hujambo Mwalimu. Niko Minneapolis na wanangu wawili, 12 na 15. Mama yangu yuko Kisii. Wanangu wanasema nyimbo zetu za kanisa zinawachosha, wanataka za redio za Marekani. Kuna yoyote kati ya hizo unayoweza kuisifu kwa moyo mweupe? Na tungependa kuimba na bibi yao kwa simu siku ya Krismasi, tunaanzaje? — Mama mbali na kwao

Sijambo, binti yangu. Ipo. Mtafute Darlene Love. Mwaka 1963, akiwa na miaka 22, alirekodi wimbo wa kumwomba mpenzi wake arudi nyumbani Krismasi. Kuanzia 1986 akawa anauimba moja kwa moja kwenye kipindi cha televisheni cha David Letterman, New York, karibu kila Desemba, mpaka 2014. Waketishe wanao wauone wa miaka ya mwanzo, kisha ule wa 2014, alipokuwa na miaka 73. Waambie wasitazame nguo. Watazame mabega yake kabla ya mstari wa mwisho, pale anaporudia "tafadhali" juu ya "tafadhali." Mwimbaji mwingine angepumzika katikati. Yeye anajaza kifua hadi chini, mabega hayapandi hata kidogo, halafu anapanda nayo yote. Nilimwonyesha mjukuu wangu, akaniuliza, "Bibi, anapumulia wapi?" Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mwanafunzi.

Sisi Wachagga tunauelewa wimbo ule bila tafsiri. Desemba nzima mabasi yanapanda Moshi yamejaa, na kuna mama anayehesabu taa za magari barabarani.

Sasa simu. Msijaribu kuimba pamoja. Sauti huchelewa kwenda na huchelewa kurudi, kila upande utamsikia mwenzake yuko nyuma, mtapunguza mwendo ili msubiriane, naye atapunguza, na ndani ya ubeti mmoja mtakuwa mmesimama. Mkumbuke yule kiongozi wa tarumbeta niliyemweleza juu: hakusubiri. Lakini wale wa bonde walikuwa wanatembea kumfuata, na ninyi hamwezi kutembea hadi Kisii. Kwa hiyo pokezaneni. Bibi aimbe ubeti wa kwanza peke yake, kwa Kikisii au kwa lugha anayoitaka, ninyi mmekaa kimya kabisa. Akimaliza hesabuni mbili, mjibu wa pili. Mwachieni yeye wa mwisho. Na mtoto wa miaka 12 ashike simu, si wewe.

Shikamoo Bibi Mwalimu. Nina miaka 13, nasoma Marangu. Nimepewa tarumbeta ya baba mdogo, Krismasi nitapuliza kwa mara ya kwanza, alfajiri, nje. Mazoezini alfajiri sauti inakuwa chini na wakubwa wananitazama. Mchana inakuwa sawa. Nifanyeje?

Marahaba, mjukuu wangu. Huna kosa. Ni baridi tu, kama nilivyomwambia Alto wa Iringa, na wakubwa wanajua hilo, wanakutazama kwa sababu walipitia.

Usiku wa mkesha usiiache tarumbeta sebuleni kwenye sakafu. Ilaze kitandani kwako, ndani ya blanketi. Kile kidomo cha kupulizia kitoe, ukivae kwa uzi shingoni, ndani ya shati, kiguse ngozi. Baba yangu alikibana kwapani toka nyumbani mpaka kanisani, ndiyo maana alibeba besi kwa mgongo na mkono mmoja tu. Mkiwa njiani pumulia ndani ya bomba taratibu, hewa ya moto ya kooni, bila kutoa sauti. Ukifika usimwage maji mapema, mwaga mkishasimama kwenye mstari, kiongozi akiwa bado hajainua mkono. Ndipo utoe kidomo shatini, ukifunge.

Ubeti wa kwanza puliza kidogo, usikilize besi. Ubeti wa pili itakuwa imepata moto.